Ukiulizwa Kabla ya Sindano ya Picha, Sema Kweli

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja mstaafu kwa wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja cha Ufipa, karibu na Sumbawanga. Tumeyaandika kama alivyoyasema. Yasome polepole. Kama una jirani asiyejua kusoma, msomee.)



Najua maharage yanawasubiri shambani, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Jambo lenyewe ni hili: ukienda hospitali kupigwa picha ya ndani ya mwili, ukaambiwa utachomwa sindano ya dawa, utaulizwa maswali. Jibu kweli. Na ukishajibu, majibu yako yaandike, uyatunze.

Mtasema, "Ah, hilo tu?" Ndiyo, hilo tu. Lakini hilo tu lilitaka kumwua baba yangu mdogo, na mimi muuguzi nikiwa nje ya mlango.

Wazee kati yenu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mimi nilikuwa mtoto. Nilichojifunza pale ni kwamba afya hailetwi na daktari peke yake. Mgonjwa naye ana kazi yake. Leo nitawaeleza kazi ya mgonjwa mbele ya mashine ya picha.

MZEE ALIYESEMA HAPANA

Baba yangu mdogo aliumwa ubavu kwa miezi mingi. Akaandikiwa kwenda kupigwa picha kwa mashine kubwa, ile ya CT. Aliuza mbuzi wawili na gunia la maharage ili apate nauli na gharama. Nikamsindikiza. Hospitali yenyewe siitaji, maana haikuwa na kosa.

Kabla ya picha, mtaalamu alimwuliza, "Mzee, umewahi kuchomwa dawa ya picha siku za nyuma?"

Akajibu, "Hapana."

"Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

"Hapana."

Mimi sikuwa na shaka. Nilidhani ndivyo ilivyo. Basi akalazwa kwenye kitanda cha mashine, dawa ikaingia kwenye mshipa. Hazikupita dakika tano nikasikia watu wanakimbia ndani. Mzee alianza kwa kupiga chafya. Akajikuna shingo na kifua. Ngozi ikaota mabaka yaliyoinuka. Kisha sauti yake ikakwama, akasema koo linabana. Pumzi ikawa inapiga mluzi. Mwishowe akalegea.

Shangazi tuliyekuwa naye pale nje alishika kichwa, akasema, "Wamemroga, wamemfuata mpaka huku!" Nikamwambia, "Shangazi, nyamaza." Sote tunaambiwa kwamba maana ya Sumbawanga ni tupa uchawi. Basi siku ile ilikuwa siku ya kuutupa. Mzee hakurogwa. Mwili wake uliikataa dawa.

Wataalamu wale walikuwa tayari. Walimchoma sindano ya adrenalini kwenye paja, wakainua miguu yake, wakampa hewa ya oksijeni na maji ya mshipa. Akafumbua macho. Akalala wodini usiku ule wakimwangalia.

Asubuhi nilikaa kando ya kitanda chake. Nikamwuliza, "Baba, hii dawa hukuwahi kuchomwa kabla?" Akatazama ukuta. Kisha akasema, "Mwanangu, niliwahi. Zamani sana, nilipopigwa picha ya figo. Niliwashwa mwili mzima, nikavimba macho."

"Sasa mbona umesema hapana?"

"Niliogopa watanirudisha. Mbuzi nimeshauza."

Nikamwuliza tena, "Na ile kadi ya siku hiyo iko wapi?" Akacheka kidogo. "Ile? Nilisokotea tumbaku."

Jamani, nisicheke peke yangu. Wangapi hapa wamesokotea tumbaku kadi za hospitali? Wangapi wamewashia moto?

DAWA YA PICHA NI NINI

Sasa tuelezane. Mwaka 1895 Mjerumani mmoja, Wilhelm Conrad Röntgen, aligundua miali inayopenya mwili. Tunaiita eksirei. Miali hiyo hupita kwenye nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia. Ndiyo maana mfupa uliovunjika huonekana vizuri kwenye picha.

Shida ni viungo laini. Mishipa ya damu, figo, ini na utumbo, vyote ni laini, na kwenye picha vinafanana. Ni kama kutazama kijito chenye maji safi. Huoni maji yanaelekea wapi. Ukimwaga majivu kidogo, mara unaona: yanapita hapa, yanazunguka pale, pale yameziba. Dawa ya picha hufanya kazi hiyo. Inapita na damu, na kila inapopita panang'aa kwenye picha. Daktari anaona uvimbe, mshipa ulioziba, au damu inayovuja.

Dawa ya picha ya eksirei na ya CT inayochomwa kwenye mshipa imetengenezwa kwa madini joto, yale yale tunayowekewa kwenye chumvi. Ziko nyingine. Kuna uji mweupe wa bariamu unaonywewa ili kuonyesha koo na tumbo. Kuna dawa nyingine kabisa kwa mashine ya sumaku, ile ya MRI; hiyo ina madini yaitwayo gadolini. Leo nasema zaidi juu ya ile ya madini joto, maana ndiyo mtakayokutana nayo mara nyingi.

Zamani mgonjwa wa Ufipa aliyehitaji mashine ya CT alisafiri mpaka Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Tunduma. Kuanzia mwaka 2021 Serikali ilianza kununua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mashine zinatusogelea. Kwa hiyo na maswali yake yanatusogelea. Tujiandae.

JE, DAWA HII NI YA HATARI?

Nataka mnielewe vizuri. Sisemi mkimbie sindano. Dawa hii imeokoa watu wengi, na wengi wanaochomwa hawapati neno lolote.

Dawa za zamani zilikuwa kali. Zilikuwa nzito kuliko damu, zikavuta maji na kuchoma mishipa. Daktari mmoja wa Sweden, jina lake Torsten Almén, alikuwa akiogelea baharini macho wazi. Akaona kuwa bahari yenye chumvi nyingi inauma macho, na bahari yenye chumvi kidogo haiumi. Akafikiri: huenda dawa ya picha inauma mishipa kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tungeelewa haraka. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya kunywa. Maji ya Ziwa Rukwa yana magadi. Mwaka 1969 Almén aliandika mawazo yake, na kutokana na mawazo hayo zikatengenezwa dawa za picha zilizo pole zaidi.

Mwaka 1990 wataalamu wa Japani walitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 330,000. Kwa dawa za zamani, watu kama 13 katika kila 100 walipata madhara, makubwa au madogo. Kwa dawa mpya, walikuwa watu 3 katika kila 100. Madhara makali yalikuwa watu 22 katika kila 10,000 kwa dawa za zamani, na watu 4 katika kila 10,000 kwa dawa mpya.

Watu wanne katika elfu kumi ni wachache. Lakini baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa wachache hao. Na kama angesema kweli, wangemtambua kabla ya sindano.

Mtu mmoja ataniuliza, "Kwa nini wasinijaribu kwa tone moja kwanza?" Swali zuri. Zamani walijaribu hivyo. Walikuja kuona haisaidii. Wapo waliopita salama kwenye tone, kisha wakadhurika kwa dawa kamili. Na tone lenyewe linaweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo hakuna kipimo cha haraka cha kumtambua kila atakayedhurika. Njia kubwa iliyopo ni kuuliza. Daktari anategemea kumbukumbu yako. Ukimdanganya, umemfunga macho.

MASWALI UTAKAYOULIZWA

Haya ndiyo maswali. Yaandikeni.

La kwanza: Je, dawa ya picha imewahi kukudhuru? Hili ndilo kubwa kuliko yote. Aliyewahi kudhurika na dawa ya namna hiyo yuko kwenye hatari zaidi ya kudhurika tena. Sema hata kama ni miaka mingi iliyopita. Sema hata kama uliwashwa tu.

La pili: Je, una pumu? Kama unayo, je, siku hizi imetulia au inakusumbua?

La tatu: Je, una mzio mkali wa dawa nyingine au chakula chochote? Mzio ni ile hali ya mwili kukikataa kitu ambacho wenzako wanakitumia salama.

La nne: Je, una ugonjwa wa figo? Dawa hii hutoka mwilini kwa mkojo, kupitia figo. Figo zikiwa dhaifu sana, dawa inaweza kuziongezea mzigo. Ndiyo maana wagonjwa wengine hupimwa damu kwanza.

La tano: Je, una kisukari, na unameza metformini? Dawa yenyewe haigombani na dawa ya picha. Tatizo huja figo zinapokuwa dhaifu. Daktari anaweza kukuambia uipumzishe kwa siku mbili, kisha upimwe. Lakini usiiache kwa shauri lako mwenyewe.

La sita: Je, una rovu au ugonjwa wa tezi ya shingo? Hili nitalirudia.

La saba: Mama, je, una mimba, au umekosa siku zako? Sema bila aibu, hata kama mume wako bado hajajua. Anayenyonyesha naye aseme. Kwa kawaida ataambiwa aendelee kunyonyesha, maana dawa inayoingia katika maziwa ni kidogo mno.

La nane: Unameza dawa gani nyumbani? Usijaribu kukumbuka majina. Beba vidonge vyako vyote na pakiti zake kwenye mfuko. Za presha, za moyo, zote. Na za mitishamba, sema pia.

Sasa sikilizeni. Maswali haya hayakuwekwa kukufukuza. Baba yangu mdogo aliona swali kama mlango wa kumrudisha nyumbani. Haikuwa hivyo. Kama angesema, daktari angekuwa na njia nyingi. Angeweza kupiga picha bila dawa. Angeweza kutumia kipimo kingine, kama altrasaundi. Angeweza kubadili aina ya dawa ya picha. Angeweza kumpa vidonge vya kutuliza mzio, ambavyo huanza kumezwa saa nyingi kabla ya picha. Na kama picha ingekuwa lazima, angemweka daktari na dawa za dharura kando ya kitanda. Nauli ya mbuzi wawili isingepotea.

ROVU, CHUMVI NA SAMAKI

Hapa Ufipa rovu tunalijua. Nyanda zetu za juu zina madini joto machache katika udongo. Mvua imeyaosha miaka na miaka. Kuanzia miaka ya 1980 wilaya zenye rovu nyingi hapa nchini zilianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 ikawekwa sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Watoto wanaozaliwa sasa hawana rovu kama wazee wetu.

Lakini wako wazee wenye rovu la siku nyingi, lenye mabonge. Hao wamwambie daktari kabla ya sindano. Mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Sindano moja ya dawa ya picha, ya mililita 100, inaweza kuwa na gramu 30. Hiyo ni mara laki mbili ya mahitaji ya siku moja. Sehemu kubwa imefungwa ndani ya dawa na hutoka na mkojo. Hata hivyo kile kidogo kinachofunguka kinaweza kuliamsha rovu la zamani. Wiki kadhaa baadaye mgonjwa anaona moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda, anatoka jasho. Akiona hivyo arudi zahanati, na aseme, "Nilichomwa dawa ya picha siku fulani."

Jambo jingine. Kuna watu husema, "Mimi samaki wananidhuru, basi na dawa ya picha itanidhuru, maana zote zina madini joto." Hapana. Mwili unaokataa samaki unakataa nyama ya samaki yule, haukatai madini joto. Mtu wa Kasanga au Kirando anayevimba akila samaki aseme hospitali kama mwenye mzio mwingine wowote, lakini hakuna haja ya kukataa picha kwa sababu hiyo.

Na kinyume chake ni muhimu zaidi. Ukidhurika na dawa ya picha, usirudi nyumbani ukaacha chumvi yenye madini joto! Mwili wako umeikataa dawa ile. Haukuyakataa madini joto, maana bila hayo mtu hawezi kuishi vizuri. Ukiacha chumvi hiyo, utawarudishia rovu watoto wako.

SINDANO IKIINGIA

Dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima. Mdomoni utasikia ladha kama ya chuma. Wengine huhisi kama wamejikojolea, kumbe hawajajikojolea. Hayo ni ya kawaida. Yatapita baada ya dakika moja au mbili. Usiogope, usiruke kitandani.

Lakini ukiona haya yafuatayo, sema mara moja, piga kelele kama ni lazima:

Mkono unauma sana na kuvimba pale sindano ilipo. Huenda dawa inamwagika nje ya mshipa.

Unawashwa, unaota mabaka, unapiga chafya bila kukoma.

Uso, midomo au macho yanavimba.

Koo linabana, sauti inabadilika, kifua kinapiga mluzi.

Unasikia kizunguzungu, unatapika mfululizo, au macho yanaingia giza.

Watu wetu wana tabia ya kuvumilia. Tunasifiwa kwa hiyo. Mwanamume anaona aibu kusema anawashwa. Siku hiyo acha uvumilivu nyumbani. Kuwashwa kunaweza kuwa mwanzo wa kubanwa koo, na kubanwa koo hakusubiri.

Mwili ukikataa dawa kwa ukali, wataalamu husimamisha dawa na kuita wenzao. Mgonjwa hulazwa chali, miguu juu. Akipumua kwa shida sana, huinuliwa kifua. Huchomwa adrenalini kwenye msuli wa paja. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, na ikibidi hurudiwa baada ya dakika tano. Hupewa oksijeni na maji ya mshipa. Mwenye mluzi kifuani hupewa na dawa ya kuvuta kama ya pumu. Mwenye mabaka tu hupewa dawa ya kutuliza mzio, naye huangaliwa. Ndugu mlio nje, msivamie chumba. Mkiona wanamchoma paja kwa haraka, jueni wanamwokoa.

Na hata ukiwa mzima, ukiambiwa, "Kaa hapa nusu saa," kaa. Usikimbilie basi la Laela au la Namanyere. Madhara mengi makali hutokea ndani ya dakika 20 za kwanza. Tena mtu anaweza kudhurika hata kama ni mara yake ya kwanza kuchomwa. Je, yakikupata ukiwa ndani ya basi njiani, nani atakuchoma adrenalini? Kondakta?

UKISHARUDI NYUMBANI

Kunywa maji, isipokuwa kama daktari amekuzuia kwa ajili ya moyo au figo. Kwa mtu mwenye figo nzima, karibu dawa yote hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Hailali mwilini, wala haigeuzi damu, kama wengine wanavyosema.

Wako wanaoota upele baada ya saa kadhaa, au hata baada ya siku kadhaa, mpaka wiki moja. Mara nyingi huisha wenyewe. Lakini ukiona upele unatoka malengelenge, ngozi inabanduka, midomo ina vidonda, au una homa, nenda zahanati upesi na karatasi zako. Na hata upele ukiisha wenyewe, uandike.

KALAMU NI DAWA

Sasa nimefika nilipotaka. Ndugu wanakisomo, mlisumbuka kujifunza kusoma. Mlitembea usiku baada ya kazi za shamba. Wengine mlichekwa. Watu wakasema, "Mzee mzima unaandika a, e, i, o, u, utakuwa karani?" Leo nawaambia, kuandika kwenu kunaweza kuokoa roho.

Chukua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza andika hivi:

JINA LANGU: …
MWAKA NILIOZALIWA: …
MAGONJWA NILIYO NAYO: pumu, kisukari, figo, rovu, presha (andika yaliyo yako tu)
DAWA NINAZOMEZA: …
DAWA ILIYONIDHURU: …
ILINIDHURU VIPI: (kuwashwa, kuvimba, kubanwa koo, kuzimia)
SIKU NA MAHALI: …
NDUGU WA KUITWA: …

Kama dawa ya picha imekudhuru, mwombe mtaalamu akuandikie jina lake kama lilivyo kwenye chupa. Mwambie, "Daktari, naomba jina la dawa hii." Ni haki yako. Kama ana haraka, nakili mwenyewe herufi moja moja. Iandikwe iohexol, iandikwe iopromide, wewe nakili tu. Hata usipolielewa jina hilo, daktari atakayelisoma ataelewa. Akijua jina, ataweza kuchagua dawa nyingine. Asipolijua, atabahatisha.

Usiandike "dawa ya picha" peke yake kama jina unalo. Na usiandike "sindano mbaya". Sindano ziko nyingi.

Daftari hilo halitakusaidia kwa picha tu. Wako wanaodhurika na penisilini. Wako wanaodhurika na dawa za salfa. Wote waandike. Kisha litie kwenye mfuko wa plastiki, lisiliwe na mchwa, lisipate mvua. Mwonyeshe mwanao mahali lilipo. Siku ukiletwa hospitali umezimia, daftari litasema kwa niaba yako.

Baba yangu mdogo yu hai. Ugonjwa wa ubavu ulionekana, akatibiwa. Hajui kusoma sana, lakini alinitaka nimwandikie maneno kwenye kadi ngumu. Ameitoboa tundu, ameifunga uzi, ameitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Akija mgeni humwambia, "Ile pale ndiyo mbuzi wangu wa tatu. Huyo siuzi." Na tumbaku, siku hizi anasokotea magazeti. Namwomba asisokotee hili.

Sasa niulizeni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mzee alijibu "hapana"? Je, sisi tungejibu nini?

2. Taja mambo matano ambayo lazima umwambie mtaalamu kabla ya sindano ya picha.

3. Kwa nini ni lazima kukaa nusu saa baada ya sindano?

4. Mtu aliyedhurika na dawa ya picha anataka kuacha chumvi yenye madini joto. Mtamshauri nini?

5. Kila mmoja aandike ukurasa wake wa daftari leo. Msaidieni yule ambaye bado anaandika polepole.